Umefomati na data zimepotea? Tafuta dalili yako hapa kabla hujagusa kitu

Kama diski uliyofomati ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye kompyuta unayosomea hapa, izime saivi hivi usomee kwenye simu. Sio utani, kila dakika Windows ikiwa imewaka inaandika vitu chini kwa chini hata kama wewe hujagusa kibodi, na kuandika ndiko kunakomaliza data kuliko fomati yenyewe.

Maana watu wengi wanaamini fomati inafuta mafaili, na ile ya haraka ya sekunde chache haifuti, inafuta orodha tu. Chukulia gesti ambayo mtu kachana daftari la mapokezi: wageni bado wamelala vyumbani ila mhudumu akifungua daftari jipya anaona vyumba vyote viko wazi, basi akija mgeni mpya anapewa chumba chochote na hapo ndipo wa zamani anapotolewa nje. Ukishaelewa hilo utaona kwanini swali la kwanza fundi mzuri atakuuliza ni "baada ya kufomati ulifanya nini?", la pili ni hii ni hadi diski (hard disk) ya kuzunguka, flashi, SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) au simu, maana kwenye SSD na simu mambo ni tofauti kabisa na watu wanapewa matumaini ya bure.

Nimefomati kwa bahati mbaya, nikiifungua ni tupu

Sababu inayotokea sana: umefomati kwa haraka. Dirisha la kufomati la Windows lina kiboksi cha "Quick Format" na kinakuja tayari kina tiki, kwa hiyo kama hukugusa kitu na ilimaliza ndani ya sekunde chache, data zako kwenye flashi, memori kadi au hadi diski ya kuzunguka bado zipo karibu zote.

Sababu ya pili: ile tiki uliitoa. Hapa pole. Kuanzia Windows Vista ya mwaka 2007 mpaka hizi za leo, fomati kamili inaandika sifuri kwenye diski nzima, na sehemu ikishaandikiwa sifuri hamna programu wala fundi wa kuirudisha. Ushauri wa "fomati yoyote inarudi" ni wa enzi za XP, kule fomati kamili ilikuwa inakagua tu sekta mbovu bila kufuta, ndio maana mafundi wa zamani wanabisha mpaka leo. Kipimo ni muda: diski ya 1TB fomati kamili inakula masaa, na ikiwa kwenye USB 2 hata usiku mzima. Kama uliistopisha katikati, sehemu ambayo haijafikiwa bado inaokoka.

Sababu ya tatu, na hii inauma: ulifomati diski siyo, ulitaka flashi ukachagua eksteno (diski ya nje) kwa sababu zote zimeandikwa "New Volume". Dawa yake ni ile ile ya sababu ya kwanza, iko hapa chini.

Cha kufanya kwa mpangilio:

1. Ichomoe. Usikopi kitu ndani yake, usirudishe zile data chache ulizonazo kwenye laptopu "ili kuanzia", na usiguse chkdsk (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski).
2. Tafuta kompyuta nyingine au diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, programu ya kuokoa uiinstoo huko na mafaili yatakayopatikana uyasevu huko huko. Kusevu kwenye diski ile ile unayookoa ndio kosa namba moja.
3. Anza na Recuva, ni nyepesi na inaeleweka. Ikitoka mikono mitupu, pakua TestDisk, ndani yake inakuja na PhotoRec, zote bure na zote za Christophe Grenier. TestDisk inatafuta patisheni (vigawanyo vya diski kama C na D) na folda za zamani, PhotoRec haijali orodha kabisa, inapita diski nzima ikitafuta mafaili kwa alama za mwanzo, mfano picha ya JPEG inaanza na FF D8 FF, PDF inaanza na %PDF, na docx zote zinaanza na herufi PK kwa sababu kiuhalisia docx ni zip.
4. Acha skani iishe. Watu wanaona asilimia haisogei wanakata, halafu wanasema programu ni feki.

Aina ya fomati ya zamani nayo ina maana yake. Diski iliyokuwa NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows) ikafomatiwa NTFS tena mara nyingi inarudi na majina na folda zake, kwa sababu orodha mpya inaanza ndogo na sehemu kubwa ya orodha ya zamani inabaki imekaa pale pale mpaka uanze kuweka mafaili mapya. Flashi za FAT32 (mpangilio wa zamani zaidi) hazina bahati sana, fomati inafuta ramani inayosema faili hili linaendelea wapi, kwa hiyo faili lililokaa mahali pamoja linarudi zima ila lililokatwa vipande vipande linarudi na kichwa bila miguu. Na mafaili yaliyokuwa nje ya folda yanapoteza majina, yale ya ndani ya folda majina yao huwa yanapatikana.

Sijafomati, ila kompyuta inaniambia nifomati ndio nitumie

Ule ujumbe wa "You need to format the disk". Usikubali. Bonyeza Cancel, data zipo, Windows imeshindwa tu kusoma orodha. Ukienda kwenye Disk Management (sehemu ya Windows ya kupanga diski) utaikuta imeandikwa RAW, yani Windows haiutambui mpangilio wake.

Anza na vitu vya bure: badilisha kebo, badilisha tundu la USB, jaribu kompyuta nyingine. Eksteno nyingi zinazoletwa kwa hii dalili tatizo ni kebo au umeme mdogo wa USB hasa kwenye desktopu ukichomeka mbele, hamisha nyuma. Adapta za bei ya chini zile za kuvalisha diski ya laptopu nazo zinafanya hivi.

Kama sio kebo basi mara nyingi ilichomolewa ikiwa inaandika, au umeme ulikatika katikati ya kukopi, orodha ikabaki nusu. Hapa TestDisk inaweza kuirudisha yenyewe, ila kwanza toa data zako nje, ukarabati baadae. Kuna mtu atakwambia "piga chkdsk /f itakaa sawa", na kweli mara nyingine inakaa sawa, mara nyingine inakuachia folda la found.000 lenye mamia ya mafaili yasiyo na majina. Chkdsk kazi yake ni kuifanya diski itumike, haijapewa kazi ya kulinda mafaili yako, ikiona kitu hakieleweki inakikata.

Sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii: diski haina ugonjwa wowote, imetoka kwenye Mac, Linux au DVR ya kamera za ulinzi na Windows haijui lugha yake. Uliza diski ilikuwa wapi kabla. Na nyingine ya ajabu kidogo, baadhi ya eksteno za WD kama My Passport zina kibao kidogo cha saketi ya USB ambacho kinasimba data zote (kinazifunga kwa ufunguo wa siri) hata kama hukuweka paswedi, kwa hiyo ukiichana kava na kuivalisha adapta nyingine unaona RAW au takataka. Hicho kibao usikitupe, bila hicho hata maabara itasumbuka.

Ya mwisho kwenye orodha ndiyo mbaya zaidi, diski inakufa. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie mistari ya 05, C5 na C6. Ikiwa C5 au C6 sio sifuri, kuna sekta diski imeshindwa kuzisoma, usianze kuskani na programu za kuokoa moja kwa moja, tengeneza nakala ya diski nzima kwanza kwa ddrescue ya GNU kwenye Linux, yenyewe inachota sehemu nzima nzima kwanza halafu ndio inarudi kuhangaika na sehemu mbovu. Ukishapata nakala unaskani nakala, ile ya asili unaiweka kabatini.

Diski inagonga, inalia tik tik, au inapotea kila ukianza kuskani

Zima. Hii sio ya kujaribu jaribu. Mlio wa kugonga kwa kawaida ni vichwa vya kusomea vimeharibika au vimeanguka, na kila ukiiwasha vinaweza kuwa vinakwaruza sahani zenye data. Usiifungue kwa bisibisi "uone", usiiweke friza (huo uzushi una miaka mingi na haufi), usiigonge. Peleka kwa wanaookoa data wenye chumba kisafi kisicho na vumbi, na muulize moja kwa moja kabla ya kuacha diski: mnabadilisha vichwa nyie wenyewe? Akikwambia atajaribu na programu kwanza, chukua diski yako uondoke.

Kama iliwahi kuanguka ikiwa inazunguka, au imeingia maji, ni hivyo hivyo, usiiwashe hata mara moja kujaribu.

Fundi kapiga Windows upya, D imepotea

Hii kila mtu anayo hadithi yake. Umepeleka laptopu imekuwa nzito, umesema "C ndio ipigwe, D ina picha za watoto", umerudi unakuta kuna C moja kubwa na desktopu safi.

Kilichotokea kwa kawaida ni kwamba wakati wa kuinstoo alifuta patisheni zote akaunganisha, kwa sababu ndio njia rahisi ya kukwepa makosa ya kuinstoo. Mara nyingine hakufuta, D ipo ila haijapewa herufi, kwa hiyo angalia Disk Management kwanza, kama kuna patisheni haina herufi bonyeza kulia umpe herufi na mambo yameisha. Mara nyingine tena data zako zilikuwa Desktop na Documents, yani ndani ya C sio D, na kama hakufomati C zitakuwa kwenye folda la Windows.old, lichukue haraka maana Windows huwa inalifuta yenyewe baada ya muda.

Kama D kweli ilifutwa na diski ni ya kuzunguka, hali sio mbaya. Windows mpya inajaa zaidi mwanzoni mwa diski ilipokuwa C, sehemu ya D huko mbele inakuwa haijaguswa sana. Zima laptopu, toa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, TestDisk iiskani, mara nyingi inaiona ile patisheni ya zamani na unaweza kukopi mafaili humo humo kabla hujaandika chochote kwenye jedwali la patisheni. Vya C vilivyoandikiwa juu na Windows mpya, hivyo vimeenda.

Ikiwa ni SSD, soma hapa chini.

Ni SSD, programu inaonyesha majina lakini mafaili yote yana sifuri

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea kwa kununua programu za kuokoa. SSD ina kitu kinaitwa TRIM, Windows inakitumia tangu Windows 7 ya 2009. Ukifomati, hata kwa haraka, Windows inaitumia SSD ujumbe kwamba eneo hili lote halina kazi tena, na SSD inalisafisha yenyewe kwa wakati wake, umeme ukiwepo tu, hata ukiichomeka kwa mnunuzi au kwa fundi. Ukiomba kusoma hapo unaletewa sifuri. Kwa hiyo ukiona programu inakuonyesha majina mazuri ya mafaili na ukubwa wake halafu kila faili likifunguliwa ni tupu, usinunue laiseni yake, majina yamebaki kwa bahati ila ndani hamna kitu.

Kuna mianya: SSD iliyo kwenye kava la USB mara nyingine ujumbe wa TRIM haufiki, kwa hiyo jaribu kuskani. Na zipo maabara zinazoweza kwa baadhi ya SSD kuingia ndani kabla usafi haujaisha, ila uwe umezima mara moja, na gharama iwe na maana kwako. Linux nayo ukifomati kwa ext4 (mpangilio wake) kwa amri ya mkfs inatuma ujumbe ule ule bila kukuuliza. Hata hadi diski za kuzunguka baadhi za miaka ya karibuni, zile zenye teknolojia ya SMR, zinapokea TRIM, kwa hiyo ukikuta eksteno mpya imerudisha sifuri tupu usimlaumu fundi.

Simu ni mbaya zaidi. Android zinazokuja na toleo la 6 la 2015 na kuendelea, zile zenye nguvu ya kutosha, zinasimba data tangu siku ya kwanza, iPhone ilianza zamani, na ukirudisha simu kiwandani kinachofutwa ni ufunguo. Bila ufunguo kilichobaki ni uji. Anayekwambia atarudisha picha baada ya kuresetiwa anazitoa kwenye Google Photos yako au anakudanganya. Na kama memori kadi uliipa simu iitumie kama hifadhi ya ndani, nayo ilisimbwa na ufunguo wa simu hiyo hiyo, simu ikiresetiwa kadi imeenda nayo. BitLocker, usimbaji wa Windows kwenye laptopu, ni ndugu yake, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla ya kumlipa mtu yeyote, na kama diski ilishafomatiwa hata huo ufunguo unaweza usisaidie.

Mafaili yamerudi ila hayafunguki, au yanaitwa f0012345.jpg

Majina ya ajabu ni PhotoRec, haina orodha ya kusoma majina kwa hiyo inayapa namba. Picha nyingi zina tarehe ndani yake, zipange kwa tarehe ya kupigwa utazitambua.

Yasiyofunguka yana sababu kadhaa. Kubwa ni kwamba kitu kingine kiliandikwa juu, picha inafunguka nusu na nusu ya chini ni kijivu, hiyo nusu haipo tena. Inayofuata ni vipande: video hasa, na wapiga picha za harusi hapa ndio wanalia, kwa sababu kamera nyingi zinaandika fahirisi ya MP4 (orodha ya wapi kila kipande cha video kipo) mwishoni mwa faili na programu ikikosa huo mwisho video haichezi. Kamera kama GoPro zinaandika video mbili kwa wakati mmoja, kubwa na ndogo, vipande vinapishana kwenye kadi. Data ya video yenyewe inaweza kuwa ipo, kuna programu inaitwa untrunc inatumia video nyingine nzima iliyopigwa na kamera ile ile kama mfano wa kujengea fahirisi upya, jaribu hiyo kabla ya kumpigia bibi harusi simu.

Halafu kuna flashi feki. Imeandikwa 1TB, ndani kuna 32GB, na inakubali kila unachoweka bila kulalamika. Mafaili yaliyozidi uwezo wake hayakuwahi kuhifadhiwa, kwa hiyo hakuna cha kuokoa. Ipime na H2testw, ila ukishamaliza kuchukua unachoweza kuchukua maana kipimo chenyewe kinaijaza. (Hapo hapo, 1TB halisi kuonekana 931GB sio wizi, watengenezaji wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024.)

Fomati inagoma, inasema imelindwa

Kwenye memori kadi angalia kile kiswichi cha pembeni. Kama ni flashi, fungua diskpart (programu ya amri ya Windows), chagua diski, andika attributes disk clear readonly. Isiposikia, uwezekano mkubwa flashi imechoka na chipu yake imejifunga isome tu isiandike, kopi data zako leo na uitupe. Msihangaike na programu za "kurepea flashi" kutoka tovuti msizozijua.

Nilifomati nikauza, mnunuzi kanitumia picha zangu

Sasa ni upande wa pili wa shilingi ile ile, programu uliyoitumia kuokoa ndiyo anayoitumia mwenzako. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walitoa utafiti wa diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika, 129 zilikuwa zinafanya kazi na katika hizo 12 tu ndizo zilikuwa zimesafishwa sawasawa, kwingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5000, na diski moja ilitoka kwenye mashine ya ATM. Nyingi zilikuwa zimefomatiwa. Kama ni kompyuta za ofisi zenye taarifa za wateja au wagonjwa jua pia kuna sheria za ulinzi wa data, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, zinazokutaka uzilinde.

Kwa hadi diski ya kuzunguka: diskpart, list disk, hakikisha namba kwa ukubwa wake mara mbili mbili, select disk, halafu clean all, inaandika sifuri diski nzima. Sio clean peke yake, hiyo inafuta jedwali tu. Mara moja inatosha, yale ya kupitisha mara 35 yalitoka kwenye karatasi ya Peter Gutmann ya 1996 kwa diski za enzi hizo. Ukichagua namba siyo hapa hakuna wa kukusaidia, kwa hiyo chomoa kwanza diski zingine zote. SSD tumia Secure Erase ya programu ya mtengenezaji au iliyo kwenye BIOS, simu hakikisha umetoa akaunti ya Google au iCloud halafu uiresetie.

Kabla ya kumkabidhi mnunuzi, pitisha PhotoRec uone kama inatoa kitu. Ikitoa hata picha moja, rudia kazi.